Aliyepanda Kabla ya Kaka Yake

Katika miaka yangu ya ujaji nimesema maneno mengi mahakamani, mengine marefu hadi karani wangu akapiga miayo bila kujificha. Lakini yanayonirudia siku hizi, nikiwa naosha vyombo au namwagilia maua, ni machache tu: "Mshtakiwa ana kesi ya kujibu." Hukumu nilizozinoa kwa majuma nimezisahau. Sentensi hii, ambayo mtoto wa shule angeweza kuisoma kwa niaba yangu, ndiyo iliyokataa kuniacha.

Niieleze kidogo, maana watu huielewa vibaya. Katika kesi ya mauaji, upande wa mashtaka ukishamaliza kuleta mashahidi wake, jaji husimama na kujiuliza swali moja: mtu huyu akinyamaza kimya kuanzia sasa, je, yaliyosemwa yanatosha kumtia hatiani? Kama hayatoshi, anaachiliwa palepale na kesi imekwisha. Kama yanaweza kutosha, anaambiwa ana kesi ya kujibu, ajitetee. Si kusema ameua. Ni kusema: umesikia wenzako, sasa na wewe tuambie.

Tena tuna desturi moja sisi majaji. Tukimwachilia mtu katika hatua hiyo, tunaeleza sababu zetu zote. Tukimwambia ajibu, hatutoi sababu hata moja, tusije tukaonekana tumeshaamua kabla hajafungua mdomo. Unasoma sentensi yako, unafunga jalada, unakwenda kunywa chai. Ni desturi ya busara na nimeifundisha kwa mahakimu wengi. Ila ina maana kwamba mshtakiwa hajui ni lipi hasa kati ya yaliyosemwa lililomfunga, na jaji hana ruhusa ya kumnong'oneza.

Mshtakiwa ninayemkumbuka alikuwa mkulima kutoka vijiji vya nyuma ya Katito, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye tabia ya kusimama kizimbani ameshika mikono nyuma kama yuko gwaride. Alishtakiwa kumuua kaka yake, kifungua mimba wa nyumba yao. Baba yao alikuwa ameshafariki. Jioni moja ya msimu wa mvua ndefu watu waliwaona ndugu hao wawili wakitembea pamoja kuelekea mtoni. Mdogo alirudi, mkubwa hakurudi. Siku kadhaa baadaye alipatikana kwenye mafunjo huko chini mto unakopanuka, ana jeraha kichwani. Daktari alisema huenda alipigwa kwa kitu kama jembe, huenda pia aligonga jiwe. Jembe la mdogo lilichukuliwa likapimwa. Lilikuwa na doa, na mtaalamu hakuweza kusema ni la nini. Kulikuwa na ugomvi wa zamani juu ya mpaka wa shamba. Nioneshe ndugu wawili wenye shamba moja ambao hawajawahi kugombania mpaka.

Kwa kifupi, hapakuwa na kitu. Wakili wa utetezi, kijana mchangamfu aliyetoka mkoa mwingine, alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Kisha akaja shahidi wa mwisho, baba mdogo wa ndugu hao, mzee aliyevaa koti la suti juu ya kanzu ya kanisa. Akasema maneno haya, nayakumbuka kama alivyoyasema:

"Mheshimiwa, huyu kijana alipanda. Asubuhi yake tu. Ndugu yake hajaonekana, bibi ya ndugu yake anauliza watu, na yeye ako shambani anapanda mahindi."

Kiongozi wa mashtaka alikuwa mtu wa pwani. Akauliza, kwa adabu, kuna ubaya gani mtu kupanda mahindi wakati wa mvua.

Mzee alimtazama kwa huruma. "Kwetu huwezi kupita mkubwa yako. Mama yao alikuwa ameshapanda yake. Inayofuata ni ya huyo mkubwa. Huyu hawezi kutia mbegu kwa mchanga kabla yake, hata mvua iishe. Kama amepanda, ni kwamba anajua hiyo mtu harudi."

Wakili wa utetezi akasema hana maswali. Nadhani aliyaona maneno yale kama habari za kilimo. Lakini upande wa watazamaji, ambako kulikuwa na watu wa kwao waliojaza mabenchi, kila mtu alikuwa ametulia tuli. Na mimi kalamu ilikuwa imesimama mkononi, kwa sababu mimi pia ni wa huku.

Nyumbani kwetu ni ng'ambo ya Kisian, ukiacha barabara ya Busia na kushuka kuelekea ziwani. Nilipokuwa msichana, kaka mkubwa wa baba yangu alifanya kazi mbali, na mwaka mmoja alichelewa kuja kufungua mbegu, yaani kupanda kwanza ili wadogo zake wafuate. Mvua ilinyesha juma la kwanza, ikanyesha la pili. Majirani walipanda, mahindi yao yakachomoza. Baba yangu alikuwa akienda shambani kila asubuhi na jembe begani, anasimama pembeni ya udongo uliolimwa tayari, anautazama, kisha anarudi nyumbani na kukaa. Mama alimsema, sisi tulimsema kimoyomoyo. Hakupanda. Baba mkubwa, na suruali zake za mjini, alipofika mvua ilikuwa imeshakwenda zake. Mwaka ule tulikula mihogo ya watu. Baba yangu alikuwa mtu mpole asiyeogopa mengi, lakini angeacha watoto wake walale njaa kuliko kumpita kaka yake shambani. Aliamini kwamba anayevunja utaratibu ule huleta kifo nyumbani, na si lazima kimwangukie yeye.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mtu wa Katito alipanda asubuhi ile, niliamini alichokiamini yule mzee. Mtu hafanyi hivyo. Akifanya, ana sababu.

Kuna jambo jingine niliseme sasa, maana bila hilo hakuna hadithi. Mke wa mshtakiwa alikuwa mjamzito mumewe alipokamatwa. Kesi zetu huvuta miguu, na kufikia hapo mtoto wa kiume alikuwa ameshaanza kutembea. Siku moja alimponyoka mama yake, akakimbia hadi kwenye kizimba na kushika nguzo zake. Mama akamwita kwa jina, kwa sauti ya chini, na mahakama nzima ikageuka. Lilikuwa jina la marehemu. Lilelile lililoandikwa kwenye shtaka. Wengine walilichukulia kuwa ujeuri, mtu aue kisha ampe mwanawe jina la aliyemuua. Mama mzazi wa ndugu hao, ajuza aliyekaa benchi la mbele kila siku na kitambaa cheupe kichwani, alimpokea mtoto akampakata, na hapo nikajua ni nani aliyelitoa jina lile. Mshtakiwa alimtazama mwanawe akatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya hapo.

Mawakili waliwasilisha hoja zao Ijumaa, na mimi nikaahidi uamuzi baada ya siku chache. Jumamosi nilibaki Milimani, kwenye nyumba ile kubwa ya serikali yenye ua mpana kuliko mahitaji yangu, nikazunguka bustanini nikijibishana na nafsi yangu. Mama yangu akapiga simu, kama kawaida yake, bila salamu ndefu.

"Huku mvua imefika," akasema. "Mimi nimeshatia yangu juzi."

"Na wengine?"

"Wanangoja kaka yako. Amesema atakuja na bibi yake wiki ijayo. Wewe umezeeka kortini mpaka unauliza maswali kama hayo, nyathina?"

Nyathina, mwanangu. Nilicheka. Kisha nikakaa kwenye kiti cha veranda na sikucheka tena. Kaka zangu ni watu waliosoma, mmoja ni mhandisi, na bado walikuwa wanangoja.

Kisheria jambo lilikuwa kwenye ncha ya kisu. Kuonekana mara ya mwisho pamoja na marehemu ni kitu, ingawa si kikubwa. Kupanda kunaonesha kwamba huenda alijua ndugu yake amekufa kabla ya watu wengine kujua. Ukiviunganisha, na mtu akakaa kimya, je, vinaweza kutosha? Jaji mwenzangu kutoka mahali pengine angesema hapana, akamwachilia, akala chakula chake cha mchana kwa amani. Mimi nilisema vinaweza. Nimelipitia tena tangu nistaafu na bado naona kwamba sheria iliniruhusu.

Lakini kuna swali jingine ambalo sheria hainiulizi, na mimi hujiuliza. Nilitaka ajibu kwa sababu ushahidi ulimdai, au kwa sababu binti wa yule mtu aliyesimama pembeni ya shamba na jembe begani alitaka kujua, kwa hamu yote, ni kitu gani kinaweza kumfanya mwanamume apande kabla ya kaka yake? Sijui. Nadhani ni vyote viwili, na inaniuma kwamba siwezi kuvitenganisha.

Nilisoma sentensi yangu. Nikamweleza haki zake: anaweza kutoa ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa, anaweza kujieleza bila kiapo, anaweza kunyamaza, anaweza kuita mashahidi. Huko nyuma nikasikia mtu akianza kulia. Kwao, nilijua, sentensi ile ilikuwa imeshakuwa hukumu. Wakili wake alimwendea akamnong'oneza kwa muda mrefu, na kwa jinsi alivyokuwa akitikisa kichwa, alikuwa anamshauri anyamaze. Mshtakiwa hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anamtazama mtoto mapajani mwa nyanya yake.

Siku ya utetezi alisema atakula kiapo. Alipokwisha kuapa, akanigeukia.

"Mheshimiwa, hii watu wote lazima wakae hapa ndani?"

Nikamwambia mahakama iko wazi kwa kila mtu, isipokuwa pawe na sababu. Ana sababu gani?

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na leo naelewa alichokuwa anakiona. Kunipa sababu kungekuwa kulisema jambo lenyewe, mbele ya watu walewale. Wakili wake hakujua amsaidie vipi, kwa sababu hata yeye alikuwa hajaambiwa.

"Basi wakae," akasema.

Kisha akasimulia. Karani wangu alikuwa tayari kumtafsiria, lakini alichagua Kiswahili, labda ili mama yake apitwe na baadhi ya maneno.

"Ile jioni ndugu yangu aliniita twende kwa mto. Akaniambia, wewe kesho panda. Nikamwambia siwezi, hiyo ni yako kwanza. Akasema yeye hawezi kufungua mbegu. Hiyo ugonjwa ya sukari ilikuwa imemharibu. Ile usiku ya kufungua mbegu mwanaume lazima awe na bibi yake, si kulala tu kwa kitanda. Mheshimiwa unajua."

"Najua," nikasema, ingawa jaji hapaswi kujibu.

"Akasema misimu mbili amedanganya watu. Anaamka asubuhi anapanda kama mtu amefanya. Sasa anaogopa, kwa sababu watoto ndio watalipa. Akaniambia, nihesabu kama mtu hayuko. Panda, mvua isikuache. Mimi nilifikiri ni uchungu tu inaongea. Nikamwacha hapo akiangalia maji, nikaenda nyumbani. Asubuhi nikapanda, kwa sababu mkubwa yangu ndiye alinituma. Walipompata, hapo ndio nilielewa alikuwa ananiambia nini."

Kiongozi wa mashtaka aliinuka. Hakuwa mtu mkali, na swali lake lilikuwa la haki: kama hayo ni kweli, kwa nini hakuyasema polisi siku ya kwanza, akajiepusha na rumande?

"Ningesema nini? Kwamba ndugu yangu hakuwa mwanaume tena, na amejitoa uhai mwenyewe? Tulimzika vizuri. Watu walilia, ng'ombe ilichinjwa. Mtu amejitoa haliliwi hivyo. Na jina yake haipewi mtoto." Akaelekeza kidevu kule kwenye mabenchi. "Huyu ningemwita nani?"

Utetezi ulimwita mjane wa marehemu. Alisimama, mwanamke mnene mwenye haya, akaulizwa kama ni kweli kuhusu ugonjwa wa mumewe na misimu ile miwili. Alitazama sakafu. Akasema ni kweli, na akaomba maji. Alikuwa ameitunza siri ile tangu mumewe akiwa hai, na aliitoa kwa neno moja kwa ajili ya shemeji yake. Bibi kizee wa kitambaa cheupe hakuhitaji mtafsiri. Alikuwa ameelewa kila kitu. Alimshusha mtoto kutoka mapajani taratibu, akamrudishia mama yake, na mikono yake akaiweka juu ya magoti ikiwa mitupu.

Nilimwamini mshtakiwa. Mtu anaweza kutunga uongo mwingi kujiokoa, lakini mtu wa kwetu hatungi uongo wa namna ile juu ya kaka yake. Niliandika hukumu yangu, nikasema upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba kulikuwa na mauaji, nikamwachilia huru. Wakili wake alinishukuru kwa sauti kubwa. Watu wa kwao walitoka polepole bila kuimba wala kupiga vigelegele, ilhali nimewaona watu wakiimba kwa kesi ndogo kuliko hiyo.

Ningemwachilia wakati ule wa kwanza, angekwenda nyumbani akiwa mtu anayeshukiwa. Watu wangemsengenya sokoni, baba yake mdogo angemkwepa. Angeweza kuishi na hayo. Alikuwa ameshaamua kuishi na hayo. Na kaka yake angebaki kuwa mtu aliyeuawa, aliyeliliwa, mwenye jina linaloitwa kila siku uani. Hilo ndilo alilokuwa akililinda kizimbani kwa miaka yote ile, mikono nyuma. Mimi nilimwambia ajibu, naye alijibu. Ninasikitika. Nimejaribu kulitafuta neno la kisheria la kuweka mahali pa hilo na sijalipata.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikuwa nimestaafu, natoka mazishini upande wa Kendu Bay, na dereva akasimama Katito kwenye njia panda ili ninunue viazi vitamu. Nilikuwa nimeinama nachagua nikasikia mtu akisema nyuma yangu, "Mheshimiwa."

Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amevaa gambuti zenye tope jipya, na kando yake mvulana wa umri wa kwenda shule amebeba jembe dogo lililokatwa mpini likamtosha.

"Mimi si jaji tena," nikamwambia.

"Kwangu bado ni jaji." Akanipa mkono, wa kushoto ameshika kiwiko cha wa kulia, kama anavyosalimiwa mtu anayeheshimiwa. "Nilikuwa nataka kukushukuru siku moja. Wewe uliniokoa. Hawa watoto wako na baba kwa sababu yako."

Angenitukana ningejua la kufanya. Nilimwuliza habari za mama yake. Akasema yuko, ila siku hizi haongei sana. Nikauliza habari za mvua. Akasema wamepanda tayari, sasa yeye ndiye mkubwa, anafungua mbegu mwenyewe, na mjane wa kaka yake na wanawe wanafuata. Aliyasema hayo bila furaha yoyote.

Mvulana alikuwa ameanza kusogea kuelekea kwenye pikipiki zilizoegeshwa. Baba yake akamwita arudi. Nikasikia jina. Lilikuwa jina la kawaida, jina zuri la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na halikuwa lile.

Hakika sikukusudia kuuliza. Lakini alikuwa ameuona uso wangu.

"Wazee walisema ile nyingine ipumzike," akasema. "Nyumbani sisi wote tunamwita hivi. Mama yangu ndiye alisema tubadilishe." Akatazama upande wa mashamba, kisha akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu karibu ila muuza viazi. "Lakini tukiwa shambani mimi na yeye peke yetu, namwita ile ya kwanza."

Nilitaka kumwuliza kama mtoto huitika. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza, nikachukua viazi vyangu, maana mtu huyu nilikuwa nimeshamdai majibu ya kutosha.